Kila embe ndefu sasa ni "Boribo Muyuni"? Tumechoka kuuziwa jina

Wakuu, siku mbili nimejizuia nisiandike nikiwa na hasira. Nimeshindwa.

Ijumaa nimenunua embe kwenye duka moja la matunda hapa Dar, yale yenye kiyoyozi. Kila embe ina kistika: BORIBO MUYUNI, ZANZIBAR. Bei mara tatu ya gengeni. Nikalipa bila kubishana, maana nazipeleka ukweni, na mimi mtu wa Unguja embe hiyo nimewasifia tangu siku ya posa. Mama mkwe akakata ya kwanza. Ganda njano linang'aa, ndani nyama nyeupe, chachu, nyuzi zinanasa kwenye meno. Imechumwa changa ikavundikwa kwa kabaidi. Baba mkwe akauliza taratibu, "Kumbe ndiyo hii?"

Nikarudi dukani. Jibu nililopewa: "Kaka, boribo ni boribo tu, zote za pwani."

Za pwani! Muyuni ni mahali, kuko kusini mwa Unguja, kuna watu na miembe yao. Sikatai, ukichukua kikonyo ukakipandikiza Mkuranga huku bara utapata boribo, na pengine tamu kabisa. Basi andika Boribo ya Mkuranga, tuionje tuisifu kwa jina lake. Kwa nini uazime jina la wenzako ili upandishe bei, halafu wao dalali anawanunulia kwa tenga bei ileile ya embe yoyote?

Wahindi hili walilishughulikia. Embe yao ya Alphonso, wao huiita Hapus, jina lenyewe limetoka kwa Wareno, lakini mwaka 2018 Hapus ya Konkan, pwani ya magharibi ya India, ikasajiliwa iwe jina la embe za wilaya tano tu, Ratnagiri na Sindhudurg zikiwemo. Anayetaka kutumia jina hilo lililosajiliwa sharti naye asajiliwe. Matapeli hawajaisha, ila mkulima ana pa kushika.

Sisi je? Zanzibar ina sheria ya mali za viwanda ya 2008, na viashiria vya kijiografia, yaani majina ya bidhaa yanayolindwa kwa mahali zinakotoka, vimo. Lakini habari za jina la asili utazisikia kwenye karafuu, embe hazina msemaji. Na huku bara ndiko zinakouzwa, ambako sheria ya alama za biashara ya 1986 inamfikiria mwenye kampuni na nembo yake. Yaani yule mwenye duka anaweza kulinda kistika chake, kijiji chenye jina kikabaki kutazama tu.

Kama kuna mtu wa Muyuni humu, naomba aniambie: wakulima wa huko mna ushirika wowote unaoweza kupeleka maombi ya usajili? Kistika ninacho, risiti ninayo, nipo tayari kutoa ushahidi.

Embe tatu zilizobaki nilimpa jirani awape mbuzi wake. Wamekula mbili.