Kumbukumbu za mbunge mstaafu wa Kusini mwa Marekani: ule "uungwana" wa zamani tuusomeje?

Mfasiri Mwanafunzi anauliza:

Shikamooni wakubwa. Natafsiri kwa Kiswahili kumbukumbu za wabunge wastaafu wa Marekani, hasa waliotoka majimbo ya Kusini kama Georgia, Arkansas, Mississippi na Texas, na nimekwama mahali ambapo nilidhani pana tatizo la msamiati tu.

Wazee hawa wana wimbo mmoja. Wanasema kwamba zamani familia za wabunge zilihamia Washington, kwamba watu waliorushiana maneno mchana walikaa meza moja jioni, kwamba mwenyekiti wa kamati aliujua mswada wake kifungu kwa kifungu, na kwamba ahadi ya mdomo ilitosha. Siku hizi, wanalalamika, mbunge anawasili mwanzoni mwa juma akiwa na haraka ya kuondoka, na muda uliobaki katikati anautumia kutafuta fedha za kampeni na kamera za televisheni. Ukumbini bado wanaitana kwa jina la jimbo, "muungwana kutoka Georgia", "muungwana kutoka Arkansas", na kwa wazee hawa neno hilo limebeba kila kitu wanachoona kimepotea.

Nina maswali mawili. Kwanza, masikitiko hayo yana ukweli wa kihistoria, au ni desturi ya kila mstaafu kuona kwamba mambo yaliharibika siku ile alipokabidhi ofisi? Pili, mbona katika maandishi niliyo nayo miaka ya 1954 hadi 1965, ya mapambano ya haki za kiraia za Wamarekani Weusi, ambayo sisi wasomaji wa mbali ndiyo tunayoitafuta kwanza, inapitiwa kwa aya mbili tatu za tahadhari kisha mwandishi anarudi haraka kwenye habari za mabwawa na barabara?

Mzee wa Maktaba anajibu:

Marahaba, mwanangu. Swali lako la pili ndilo linalojibu la kwanza, kwa hiyo nitaanzia huko.

Baraza la Wawakilishi, ambalo pamoja na Seneti ndiyo Bunge la Marekani, lina wabunge 435, na kila mmoja wao hurudi kwa wapiga kura baada ya miaka 2. Kwa kawaida mtu mwenye mkataba mfupi namna hiyo hazeeki kazini. Lakini Carl Vinson wa Georgia alikaa tangu 1914 hadi 1965, na Jamie Whitten wa Mississippi tangu 1941 hadi 1995. Waliwezaje? Kusini kulikuwa na chama kimoja chenye nguvu, cha Democratic, na aliyeshinda kura za mchujo za chama hicho alikuwa amekwisha kuwa mbunge. Uchaguzi mkuu ulikuwa kama kupiga muhuri. Nao waliopiga kura hizo walikuwa sehemu tu ya wananchi, kwa kuwa kodi ya kupigia kura, mitihani ya kusoma na kuandika, na vitisho vya waziwazi viliwaweka nje Wamarekani Weusi wengi na Wazungu maskini si haba.

Sasa unganisha hilo na utaratibu wa ukongwe, ambao ulimpa uenyekiti wa kamati mwanachama wa chama chenye wingi aliyekaa katika kamati hiyo muda mrefu kuliko wenzake. Asiyeshindwa uchaguzi ndiye anayekuwa mkongwe, na asiyeshindwa alitoka Kusini. Ndivyo Vinson alivyoshika mambo ya majeshi, Whitten akashika fedha za kilimo, Wilbur Mills wa Arkansas akashika kamati ya kodi kuanzia 1958 hadi 1974, na Howard Smith wa Virginia akaketi mlangoni kabisa, katika Kamati ya Kanuni, ambayo bila ruhusa yake mswada mkubwa haufiki ukumbini kwa urahisi. Smith alijulikana kwa kuondoka kwenda shambani kwake wakati mswada wa haki za kiraia unapokaribia, na mwenyekiti akiwa shambani kamati haikutani. Ilibidi Spika Sam Rayburn, naye ni Mkusini wa Texas, aiongezee kamati hiyo viti kutoka 12 hadi 15 mnamo 1961, na hata kwa heshima yake yote alishinda kwa kura 217 dhidi ya 212.

Kwa hiyo utulivu wanaoukumbuka ulikuwapo kweli, sikatai. Ni rahisi kumwahidi mwenzako jambo la miaka kumi ijayo ikiwa nyote wawili mna hakika kwamba mtakuwapo. Wala usiudharau ustadi wao. Mills aliipinga bima ya matibabu ya wazee kwa miaka mingi, lakini matokeo ya uchaguzi wa 1964 yalipomwonyesha kwamba haizuiliki, aliunganisha mapendekezo yaliyokuwa yakishindana, yaani bima ya hospitali, bima ya hiari ya gharama za madaktari na msaada wa matibabu kwa maskini, akayafanya mswada mmoja, ambao Rais Lyndon Johnson aliutia saini tarehe 30 Julai 1965. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu asiyejua vifungu.

Ila neno lako "muungwana" lina mtego ambao Kiingereza hakiuonyeshi waziwazi kama lugha yetu. Kwetu pwani muungwana hakuwa tu mtu mwenye adabu. Alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Uungwana wa ukumbi ule ulikuwa wa maana zote mbili, na mstaafu wako anaikumbuka moja.

Binti Mwanasheria anajibu:

Shikamoo mzee. Nakubali hesabu yako ya ukongwe, lakini umewafanya wote kuwa watu wasiokabiliwa na hatari yoyote. Wapo walioadhibiwa, na nadhani mfasiri asipowajua ataisoma vibaya ile tahadhari ya aya mbili tatu.

Mchukue Brooks Hays wa Arkansas, aliyeingia Bungeni 1943. Mwaka 1956 alitia saini tamko la wabunge wa Kusini la kupinga uamuzi wa Mahakama ya Juu uliobatilisha ubaguzi katika shule; waliotia saini walikuwa 101, maseneta 19 na wawakilishi 82. Mwaka uliofuata, Gavana Orval Faubus alipowazuia wanafunzi tisa Weusi kuingia shule ya sekondari ya Little Rock, ambayo imo katika wilaya ya uchaguzi ya Hays, Hays alijaribu kusuluhisha na akapanga gavana akutane na Rais Eisenhower kule Newport, Rhode Island. Suluhu haikupatikana, na askari wa jeshi la taifa walipelekwa Little Rock. Kosa la Hays lilikuwa kupatanisha tu, wala hakudai usawa kamili. Novemba 1958 aling'olewa na Dale Alford, mjumbe wa bodi ya shule, ambaye jina lake halikuchapishwa kwenye karatasi ya kura. Wapiga kura waliliongeza wenyewe, kwa kuandika au kwa kubandika kibandiko. Hays alikuwa ametia saini tamko la ubaguzi na bado hakusalimika. Wenzake wote waliliona hilo, na naamini waliokaa kimya baada ya hapo walikuwa wamejifunza kwake.

Wa pili ni Charles Weltner wa Atlanta. Wilaya yake ilikuwa na watu 823,680 wakati wastani wa wilaya za Georgia ulikuwa 394,312, na kesi iliyotokana na tofauti hiyo ndiyo iliyoifanya Mahakama ya Juu, mwaka 1964, kuamuru wilaya za ubunge zilingane kwa idadi ya watu. Mwaka huohuo, Sheria ya Haki za Kiraia iliporudi kutoka Seneti tarehe 2 Julai, Weltner aliipigia kura ya ndiyo, jambo ambalo kwa mbunge wa Georgia lilikuwa kama kutembea juu ya makaa. Mwaka 1966 chama chake kilimteua Lester Maddox, mbaguzi aliyejivunia ubaguzi wake, agombee ugavana, na kiapo cha chama kilimfunga Weltner kuwaunga mkono wagombea wote wa chama. Aliamua kujitoa katika kinyang'anyiro cha kiti chake mwenyewe kuliko kutimiza kiapo hicho. Alikaa Bungeni miaka 4 tu, na sijui kumbukumbu za mtu wa miaka 50 zinazonifundisha zaidi kuhusu utumishi kuliko miaka hiyo 4.

Mfasiri Mwanafunzi:

Nawashukuru sana. Jambo moja bado linanisumbua: ikiwa uungwana ule ulisimama juu ya kufungiwa nje kwa watu, ilikuwaje usiporomoke mara moja mwaka 1965 ilipopitishwa Sheria ya Haki za Kupiga Kura? Wazee hawa huweka mwanzo wa uharibifu miaka thelathini baadaye.

Mwalimu wa Uraia anajibu:

Kwa sababu uliporomoka kwa vipande, na mstaafu anakumbuka kile kipande kilichomwangukia yeye. Mwaka 1972 Barbara Jordan wa Houston na Andrew Young wa Atlanta walichaguliwa. Tangu George Henry White wa North Carolina alipoondoka 1901 Kusini haikuwa imemtuma Bungeni mbunge Mweusi. Mwaka 1975 wabunge wapya waliochaguliwa baada ya kashfa ya Watergate, iliyomng'oa Rais Nixon, waliwasaidia wenzao kuwavua madaraka wenyeviti watatu wakongwe, Poage na Patman wa Texas, na Hébert wa Louisiana. Tazama wote wanatoka wapi. Mwaka 1979 kamera ziliingia ukumbini, na hotuba ikaanza kuwalenga watu walioko nyumbani badala ya waliokaa mbele ya msemaji.

Wakati huo wapiga kura Wazungu wa Kusini walikuwa wakihamia chama cha Republican polepole, kwanza katika uchaguzi wa rais, kisha katika viti vya chini. Uchaguzi wa 1994 uliwaongezea Warepublikani viti 54 na kumaliza miaka 40 ya wingi wa Wademokrati, na Spika mpya, Newt Gingrich, akatoka Georgia, jimbo lilelile la Vinson. Mwaka 1995 wenyeviti wakawekewa kikomo cha miaka 6. Kwa Mdemokrati mkongwe wa Kusini huo ulikuwa msiba, kwa hiyo anauweka mwanzo hapo. Sipuuzi anachosema kuhusu fedha za kampeni na ratiba fupi. Hayo ni kweli na yanaumiza utungaji wa sheria. Lakini kila anapoandika "sote tuliheshimiana", mfasiri aulize hiyo "sote" inamhesabu nani mwaka anaousimulia. Mwaka 1950 na mwaka 1980 jibu si moja.

Mfasiri Mwanafunzi:

Basi nimeamua. Nilikuwa nataka kubadilisha "muungwana" niweke "mheshimiwa", kama tulivyozoea katika mabunge yetu, ili msomaji asikwazwe. Sasa nitaliacha neno lilivyo, bila tanbihi, mwanzo hadi mwisho. Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika neno hilo, kwa hiyo Howard Smith atakuwa muungwana kutoka Virginia, na kurasa mia mbili mbele Barbara Jordan atasimama katika ukumbi uleule akiwa muungwana kutoka Texas.