Waajiri wa Arusha na Moshi, mnatulazimisha kuficha vyeti halali. Nimechoka kuambiwa "umesoma sana"

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaipunguza.

Kuna mchezo unaendelea kwenye ofisi nyingi za hapa Arusha, na ukishuka Moshi ni hivyo hivyo. Linatoka tangazo: anatakiwa mtu wa maabara, diploma au digrii, awe anajua kupima ubora wa maji, awe tayari kuingia kwa zamu. Unaomba kwa sababu yote yaliyoandikwa pale unayaweza. Unaitwa kwenye usaili. Unajibu, wanaitikia kwa vichwa, unaona kabisa mambo yanakwenda. Halafu wanafika kwenye elimu, wanakuta masta, sura zinabadilika. Kuanzia hapo hakuna anayekuuliza tena habari ya maji.

Mara ya mwisho ilikuwa kiwanda cha maji ya chupa, sitakitaja. HR wao ni mama mtu mzima, mwenye heshima zake, wala hakunijibu vibaya. Alikitoa cheti changu cha masta kwenye bahasha, akakisoma, akakilaza kifudifudi juu ya meza na kukiwekea kiganja. Akaniambia, "Mwanangu, hii nafasi ni ya diploma. Tukikuchukua wewe, ukipata mradi mahali utatuacha. Bora tupate mtu atakayetulia." Nikamwambia, mama, mshahara mlionitajia kwenye simu nimeukubali, ndiyo maana nimekuja. Akasema, "Wote mnasema hivyo." Usaili ukaishia hapo. Nikaokota vyeti vyangu nikaondoka.

Hiyo "utatuacha" ndiyo inayonichefua. Kosa lenyewe sijalifanya, nahukumiwa kwa kosa ambalo mtu amelifikiria kichwani mwake! Kwani mwenye diploma haachi kazi? Mwenye cheti cha form four akiitwa kwenye kazi nzuri zaidi, anakataa? Na sheria si ipo? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu. Nipe wa miaka miwili, tuandikishane. Na hata ule wa kudumu, anayelipwa kwa mwezi akitaka kuondoka anatoa notisi ya siku 28. Zana za kujilinda mnazo mkononi, mmeamua tu kutuadhibu mapema.

Sheria hiyo hiyo inakataza kumbagua mfanyakazi, na hata anayeomba kazi, kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri na mengine. Elimu haimo kwenye orodha. Kwa hiyo ukiniambia usoni kwamba nimesoma kupita kiasi, nakosa hata pa kukushtaki.

Niwaeleze nilichosomea, maana wengine watasema nilisoma vitu visivyo na kazi. Nilisomea maji. Masta yangu ilikuwa juu ya floraidi, madini ya kwenye maji ambayo yakizidi yanaharibu meno na mifupa. Mwenyeji yeyote wa huku anajua meno ya kahawia ni nini. Nenda Ngarenanyuki utaona na watoto waliopinda miguu. Kiwango cha sasa cha Tanzania kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, zamani tulikubali hadi 4, na kuna visima na vijito vya kuzunguka Mlima Meru vinavyopita hata hiyo 4 kwa mbali, kwa sababu maji yanapita kwenye miamba ya volkano. Njia za kuipunguza zipo, mojawapo ni kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kituo cha utafiti huo kipo hapo Ngurdoto tangu zamani. Nimeshika mifupa hiyo kwa mikono yangu, nimeichoma, nimeisaga, nimepima maji kabla na baada. Halafu kiwanda kinachouza maji katika mkoa huu huu kinaniambia nimezidi. Nimezidi nini? Mteja anayenunua chupa dukani angependa maji yake yapimwe na nani?

Na wale wa "ulienda kusoma masta ya nini?", nitawajibu. Nilimaliza digrii mwaka 2016. Mnakumbuka mwaka ule? Juni Serikali ilisitisha ajira ili kuhakiki watumishi hewa. Tulivua majoho, tukakuta mlango umefungwa. Ikatokea nafasi ya kusomeshwa na mradi, nikaichukua. Mlitaka nikae kibarazani kwa baba nisubiri? Deni la Bodi ya Mikopo kwa digrii ya kwanza liko pale pale. Ukishapita miezi 24 tangu umalize unatakiwa uanze kurejesha, na siku nikipata ajira rasmi asilimia 15 ya mshahara inakatwa kabla sijaiona. Kwa hiyo mimi ndiye mtu mwenye sababu kuliko wengi ya kuing'ang'ania kazi nikiipata.

Sasa sikilizeni kinachofanyika mtaani, maana hiki ndicho kimenifanya niandike. Watu wanaficha vyeti. Aprili 2017 Serikali ilitangaza watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini, nchi nzima tukashangilia kwamba sasa elimu halali itaheshimiwa. Leo mtu mwenye cheti halali, alichokitolea jasho, anakiacha nyumbani ili apate kazi ya kupokea wageni hotelini. Rafiki yangu mmoja wa Moshi ana masta ya ushirika na masoko. Aliitoa kwenye CV, ikabaki digrii tu, na katikati pengo la miaka miwili. Kwenye usaili wakamuuliza, hii miaka ulikuwa wapi? Akawaambia alikuwa nyumbani analea mtoto. Hana mtoto. Alipata ile kazi, na hadi leo anaogopa picha zake za mahafali zisije zikaonekana na mtu wa ofisini. Mtu anaogopa picha za mahafali yake! Mama yake aliuza migomba na mbuzi kwa ajili ya ile sherehe.

Mimi sijaficha na sitaficha. Lakini siwalaumu wanaoficha hata kidogo. Nawalaumu mliowafikisha hapo.

Kuna na hili la mabosi wenye hofu, watu wanalijua ila hawalisemi. Ukiwa na msimamizi mwenye diploma aliyekaa pale miaka mingi, akiona masta inakuja chini yake anaona kiti kinatikisika. Niliwahi kujitolea sehemu, bila mshahara, nauli yangu mwenyewe kutoka Kwa Mrombo kila siku asubuhi. Nikaonyesha kwamba usomaji wa kipimo fulani ulikuwa unakosewa kwa sababu mashine haikuwa inasawazishwa kwa muda mrefu. Sikutangaza, nilimwita pembeni kwa adabu nikamwambia kaka, naomba tuiangalie hii. Wiki iliyofuata nikaambiwa nafasi za kujitolea zimejaa. Kaka yule alikuwa na uzoefu ambao mimi sina, ningejifunza mengi kwake. Akaona heri vipimo viendelee kudanganya.

Mnaosema twende serikalini: tunaomba kila siku. Mwaka 2025 TRA, Mamlaka ya Mapato, walitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu zaidi ya 135,000. Kwenye Ajira Portal, mtandao wa kuombea kazi za Serikali, unafaulu usaili wa kuandika, unafaulu wa mahojiano, unaambiwa umeingia kanzidata, yaani orodha ya waliofaulu wanaongoja nafasi, usubiri. Unasubiri huku ukihesabu umri, maana matangazo mengi yanataka asiyezidi miaka 45. Kule angalau siambiwi nimesoma sana. Naambiwa tuko wengi, na hilo naliona kwa macho.

Mnaosema jiajirini, njooni mnionyeshe. Maabara ya kupima maji haianzi kwa mtaji wa genge la nyanya pale soko la Kilombero. Vifaa na kemikali nyingi vinaagizwa nje, vibali vinataka hela, na mkopo wa benki unataka hati ya nyumba. Nyumba ninayokaa ni chumba kimoja cha kupanga. Kwa sasa nafundisha twisheni ya kemia watoto wa form three na four, Mianzini, kwenye banda la mabati, na nawafundisha kwa moyo. Juzi mmoja aliniuliza mbele ya wenzake, "Madam, wewe si una masta, mbona uko huku na sisi?" Nikamwambia tuendelee na swali la nne. Ningemjibu nini mtoto ambaye nataka asome?

Kwa hiyo nawaomba waajiri na ma-HR mnaosoma hapa, wa viwandani, wa mashamba ya maua ya Usa River na Tengeru, wa mahoteli, wa mashirika pale mjini. Kama hamtaki mwenye masta, liandikeni hilo kwenye tangazo, kwa herufi kubwa, kama mnavyoandika miaka ya uzoefu. Tusichome hela ya wakili kugonga mihuri kwenye nakala za vyeti, tusiazime viatu, tusipande gari kuja kuambiwa kitu mlichokiona kwenye barua siku mliyoipokea. Na kama mmemwita mtu, mhukumuni kwa kazi. Mpeni sampuli ya maji apime. Mpeni hesabu afunge. Akishindwa, mrudisheni kwao.

Na nyie mliowahi kulikata jina la mtu kwa sababu "ataondoka", nataka mnijibu hapa hapa chini bila kuzunguka: mlimpigia simu mkamuuliza? Na huyo mliyemchukua badala yake, bado yupo?