Katy, Allegheny au Potomac: njia ipi ya changarawe kando ya mto inafaa familia kwa siku 4?

Msafiri wa Columbus
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi, mke wangu na kijana wetu wa miaka 13 tunakusudia kutumia siku 4 za mwezi Juni kuendesha baiskeli kando ya mto, katika njia isiyopitisha magari. Tunafikiria njia tatu za Marekani: Katy Trail ya Missouri, yenye kilomita 386 hivi. Great Allegheny Passage, kilomita 240 kati ya Cumberland na Pittsburgh. Au njia ya mfereji wa Chesapeake na Ohio, inayofuata mto Potomac kwa kilomita 297 kutoka Cumberland hadi Washington. Hatuna haja ya kumaliza yoyote, tunatafuta kipande kizuri. Baiskeli zetu ni za kawaida, zina kerieri ya nyuma na tairi za milimita 35. Naomba ulinganisho kutoka kwa waliozipita.

Jirani wa Potomac
Karibu, ndugu. Mimi nautetea mfereji bila kuficha upendeleo wangu. Uliacha kazi mwaka 1924, lakini mabaki ya malango yake 74 ya kupandishia na kushushia mashua bado yanaonekana, na ukichunguza kona za mawe yake utakuta mifuo iliyochimbwa na kamba za mashua zilizokokotwa na nyumbu (chotara wa punda na farasi) kwa miongo mingi. Handaki la Paw Paw, lililokamilika mwaka 1850, lina urefu wa mita 950. Humo mnashuka na kusukuma baiskeli kwa tochi. Kambi za bure zipo kila baada ya kilomita chache, zenye choo na pampu ya maji, jambo ambalo kwa familia ya watu watatu si dogo.

Fundi Tairi
Namheshimu Jirani, ila amesahau kumwambia mgeni habari za tope. Sehemu kadhaa za njia ya mfereji zimemwagwa kokoto upya, lakini kwingine bado ni udongo na mizizi, na mvua ikinyesha tope hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Allegheny ni tuta la reli ya zamani lililowekwa mawe ya chokaa yaliyosagwa na kushindiliwa, kwa hiyo maji hupita upesi na tairi za milimita 35 zinatosha kabisa. Hata hivyo, chokaa ikilowa huacha uji wa kijivu kwenye cheni, na ukiuacha ukauke, kesho yake giya zitalia kama kinu cha kusagia. Isugueni cheni kwa brashi kavu jioni, kisha mtie mafuta kidogo na kufuta yanayozidi. Upepo wa tairi nao upunguzwe kidogo, maana tairi ngumu huteleza kwenye kokoto.

Bi Mkubwa wa Missouri
Wanangu, msiisahau Katy. Ni tambarare kwa sehemu kubwa ya upande wa mto Missouri, na pale Rocheport njia hupita kwenye handaki la reli kisha ikaambaa chini ya majabali meupe, mto ukiwa upande wa pili. Lakini nitasema kweli: vipande vinavyokatiza mashamba havina kivuli, jua la kiangazi huko halina huruma, na kupiga kambi kwenye njia yenyewe hakuruhusiwi. Kwa mtu anayetoka Columbus, Ohio, safari ya zaidi ya saa sita kwa gari itamla siku nzima kwenda na nyingine kurudi.

Msafiri wa Columbus
Shikamoo, Bi Mkubwa, na ahsante kwa ukweli huo. Basi Katy tunaiweka kando. Kuhusu Allegheny, nimesikia kuna mlima. Kijana atauweza?

Mkazi wa Pittsburgh
Mlima upo, ila una upande. Ukianzia Cumberland unapanda zaidi ya mita 500 ndani ya kilomita 38 hivi, hadi mgawanyo wa maji, yaani kilele ambapo mito hugawanyika kwenda pande mbili, wenye kimo cha mita 729. Nawashauri mwanzie Meyersdale, upande wa pili wa kilele, mkateremke taratibu na mto: kwanza Casselman hadi Confluence, kisha Youghiogheny mpaka unapoingia Monongahela pale McKeesport. Kutoka Meyersdale hadi Pittsburgh ni kilomita 190 hivi. Laleni Confluence, Connellsville na West Newton. Siku ya mwisho ndiyo ndefu, kama kilomita 58, lakini sehemu yake kubwa ina lami. Muda mwingi utumieni Ohiopyle, mji mdogo kati ya Confluence na Connellsville, ambako njia inapita juu ya mto kwa madaraja marefu na kijana ataona watu wakishuka kwa maboti ya mpira kwenye mikondo ya kasi.

Jirani wa Potomac
Nakubali kushindwa kwa mwezi Juni. Vuli, udongo ukiwa mkavu, njooni kwetu.

Msafiri wa Columbus
Tumeafikiana na mama watoto: ni Meyersdale. Gari tuliache wapi?

Mkazi wa Pittsburgh
Liacheni Pittsburgh, mkodi gari la kubebea baiskeli liwapeleke Meyersdale asubuhi. Wekeni nafasi mapema, maana wikiendi za Juni hujaa, na mwulize kabla kama wanapokea baiskeli zenye kerieri.