Taa ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga) haizimiki, fundi anataka kuing'oa: naomba ushauri kabla ya safari ya Kigoma

MkaziWaKiloleni
Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Nimenunua gari dogo lililotumika Japani, kwa mtu hapahapa Tabora. Kila ninapoliwasha, taa nyekundu yenye alama ya mtu aliyekaa mbele ya puto hubaki ikiwaka mwendo wote. Fundi mmoja ameniambia kuwa hilo ni jambo la kawaida kwa magari haya, na yuko tayari kuichomoa taa ili isinisumbue. Mwisho wa mwezi tunakwenda Kigoma kwa mama mkwe, kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza. Mke wangu ana ujauzito wa miezi saba. Amezoea kukaa mbele akimpakata mtoto wetu wa miaka miwili, na hafungi mkanda kwa kuhofia kulibana tumbo. Je, tukifunga mikanda, eabegi ina umuhimu gani tena?

FundiUmemeNgambo
Usikubali taa iondolewe. Katika gari lisilo na tatizo, huwaka sekunde chache unapofungua swichi, kompyuta ikijikagua, kisha huzimika yenyewe. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu, na huenda mifuko isifumuke hata mkigongana uso kwa uso. Chanzo kinaweza kuwa kidogo, kama soketi iliyolegea chini ya siti au waya uliokatika ndani ya usukani. Kinaweza pia kuwa gari liligongwa, mifuko ikafumuka, na muuzaji akarudishia kifuniko kitupu, jambo ambalo kwa maoni yangu ni wizi. Tafuta fundi mwenye mashine inayosoma mfumo wa eabegi, kwa kuwa baadhi ya mashine husoma injini peke yake. Asiguse usukani kabla ya kuchomoa betri na kusubiri dakika kadhaa, maana umeme uliosalia unaweza kuufumua mfuko usoni mwake.

Chukua pia namba ya chasisi uiangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji. Eabegi za kampuni ya Takata ziliitishwa duniani kote zirudishwe na kubadilishwa kwa sababu kemikali yake ya kufumulia huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kisha kasha hupasuka na kurusha vipande vya chuma.

BibiMkungaUjiji
Marahaba, mwanangu. Mkeo afunge mkanda. Sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, ikilala juu ya mifupa ya nyonga, na ile ya juu ipite katikati ya matiti na kando ya tumbo, bila kusokotwa wala kupitishwa chini ya kwapa. Mama asipofunga, tumbo ndilo hukutana na dashibodi. Akikaa mbele, siti irudishwe nyuma kadiri inavyowezekana.

Kumpakata mtoto mbele kukome leo. Gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa, hakuna mikono inayoweza kumshika mtoto huyo, na mfuko ukifumuka utamkuta yeye kwanza. Akae nyuma, katika kiti chake.

MsafiriWaMalagarasi
Mimi sifungi. Gari likitumbukia mtoni, mkanda utakuzuia kutoka.

FundiUmemeNgambo
Kaka, asiyefunga hugonga kichwa na kuzirai, na aliyezirai hafungui mlango. Isitoshe, eabegi imeundwa kuusaidia mkanda. Hufumuka kwa takribani sehemu 30 za elfu moja za sekunde na kuanza kunywea papo hapo, kwa hiyo gari likibiringika mara ya pili, mkanda ndio uliobaki. Asiyefunga hutupwa mbele wakati mfuko unakuja kwa kasi, ndiyo maana dereva anashauriwa kuacha sentimita 25 kati ya kifua na usukani. Hilo ndilo jibu la swali la mwenye uzi: atengeneze taa, lakini mikanda ianze leo.

MkaziWaKiloleni
Nashukuru sana. Mke wangu amesoma na amekubali kukaa nyuma pamoja na mtoto. Jirani anatuuzia kiti cha mtoto kilichotumika, nikague nini?

BibiMkungaUjiji
Muulize kama kiliwahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali. Kama kiliwahi, au hajui, kiache. Kikague kisiwe na ufa, mikanda yake isiwe imechanika, na kifungo kilie unapokibana. Ukikifunga kwenye siti, kitikise kwa nguvu pale chini mkanda unapopita: kikicheza zaidi ya sentimita mbili na nusu, kaza tena.