Tanki la fundi: lita 6,000 ama 25,000?

MkulimaNjoro:
Wadau habari zenu, niko huku Njoro, nimejengewa tanki la saruji la kuvuna maji ya mvua juu maji ya kisima ya hapa yana floridi mingi mpaka meno ya watoto yanageuka kahawia. Sasa fundi ananiambia linabeba lita 6,000 na mimi nimelipima na tepu upana mita 2, kwenda juu mita 2, nikapiga 22/7 mara 2 mara 2 mara 2 nikapata 25. Si hiyo ni lita elfu 25? Ama huyu fundi hajui hesabu?

TichaKakamega:
Pole ndugu, fundi yuko sawa hapo. Hiyo mita 2 ni kipenyo, ukuta mpaka ukuta ukipitia katikati. Kwa fomula unaweka nusu kipenyo, yaani mita 1, so 22/7 × 1 × 1 × 2 inakuja 6.29, na mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Ukiweka kipenyo chote jibu linapanda mara nne, si mara mbili, juu unakizidisha chenyewe kwa chenyewe. Wanafunzi wangu kila muhula lazima waanguke hapo.

omera_Kondele:
Tumia 3.14 bana, 22/7 ni ya zamani

TichaKakamega:
Zote ni za kukaribia tu. Kwa hilo tanki zinapishana lita 6, hata ndoo haijai.

MamaAhero:
Ngojeni kwanza, hizo mita 2 ulipimia nje ama ndani? Langu nilizungusha kamba nje nikagawa na 3.14 nikapata kipenyo nikafurahi, kumbe saruji imekula nafasi. Ukuta wa sentimita 5 huku na 5 kule tayari umebaki na mita 1.9. Na uangalie ile paipu ya kumwaga maji yakizidi iko wapi, maji hayavuki hapo, ile kofia ya juu ni hewa tupu.

MkulimaNjoro:
Ticha asante, hiyo aibu ni yangu. Mama nimetoka kupima sai, kweli nilipimia nje, ukuta ni hiyo 5, na paipu iko mita 1.9 kutoka chini. 3.14 × 0.95 × 0.95 × 1.9 inanipa lita 5,380 hivi, yaani jerikeni kama 31 za lita 20 zimepotea na nilimlipa kwa lita! Nimempigia, anasema eti elfu sita ni pamoja na ukuta. Sasa mimi nitakunywa ukuta?