Radikali na kampaundi: mbona hakuna chupa ya salfeti tupu?

Shela_Kidato3
Assalaam alaykum walimu wetu. Kitabu chasema SO₄ ni radikali, CaSO₄ ni kampaundi. Zote ni atomu zilizoungana. Sasa tofauti i wapi? Na Ca(OH)₂ mbona ina mabano?

Kemia_Malindi
Waalaykum salaam mwanangu. Tazama chaji kwanza. Kalsiamu (Ca) ina +2, salfeti (SO₄) ina −2. Zikikutana jumla ni sifuri. Hiyo ndiyo kampaundi, na waweza kuipima kwa mizani na kuitia chupani. Salfeti peke yake ni radikali: bado imebeba −2, kwa hivyo haikai bila mwenziwe wa chaji chanya. Chupa za maabara utazikuta zimeandikwa sodiamu salfeti, kopa salfeti, lakini salfeti tupu hutaiona.

Hifadhi valensi, yaani ukubwa wa chaji: OH, NO₃ na HCO₃ ni 1, SO₄ na CO₃ ni 2, PO₄ ni 3. Hizo zote ni hasi. NH₄ ndiyo chanya, valensi 1.

Mabano yaonyesha kwamba namba ya nje yazidisha kundi zima. Ukiandika CaOH₂ umeweka oksijeni moja tu. Al₂(SO₄)₃ ina oksijeni 12, na hapo wanafunzi wengi hupoteza alama.

Munyu_Gongoni
Mfano wa karibu ni mabwawa ya chumvi ya Gongoni na Marereni, pwani ya Kenya. Ndani ya maji ya bahari salfeti yaelea kama ioni (chembe yenye chaji), haijafungamana na sodiamu wala kalsiamu fulani. Jua likikausha maji hadi yabaki kama sehemu moja ya tano, kalsiamu na salfeti hushikana na kutuama kama jasi, CaSO₄·2H₂O. Chumvi ya kula hufuata baadaye, maji yakikaribia sehemu moja ya kumi. Wakikosea mpangilio wa mabwawa, jasi huingia kwenye chumvi.

Shela_Kidato3
Shukran sana. Je, radikali yenyewe haivunjiki?

Chokaa_Amu
Yavunjika. Hubaki nzima kwenye mmenyuko wa kubadilishana, ambapo kampaundi mbili hubadilishana wenza, lakini moto mkali ni habari nyingine. Choma mawe ya matumbawe kwenye tanuu hadi nyuzi 900 hivi: CaCO₃ → CaO + CO₂. Gramu 100 za kaboneti safi hutoa 56 za chokaa na 44 za gesi. Kaboneti imekwisha. Ukizimua hizo 56 kwa maji gramu 18 wapata Ca(OH)₂ gramu 74, radikali mpya kabisa. Kwa vitendo maji huhitajika zaidi, maana joto hugeuza mengine kuwa mvuke. Tia chokaa ndani ya maji kidogo kidogo, na ufunike macho: yaunguza. Jiwe lisiloiva vizuri hubaki na kiini cha kaboneti. Kitonee siki, kikitoa povu rudisha motoni.

Kemia_Malindi
Naongeza jaribio la salfeti: kwenye myeyusho unaoupima tia asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, kisha bariamu kloraidi. Mashapo meupe (unga usioyeyuka) yakitokea, salfeti ipo, iwe ilitoka kwa sodiamu au kopa. Ukiisahau asidi, kaboneti nayo hutoa mashapo meupe na utajibu vibaya.

Ukifika metheni na klorini kwenye mwanga utakutana na "radikali huru". Usizichanganye na hizi. Ile ni atomu au kundi lenye elektroni isiyo na jozi, kama Cl pekee au CH₃, na mara nyingi halina chaji yoyote.