Mjadala: Ongezeko la Walatino North Carolina limemnufaisha nani, na gharama yake anailipa nani?

Mtoa mada

Ndugu wadau, naleta swali ambalo nchini Marekani hujadiliwa kwa hasira zaidi kuliko kwa hesabu: je, ongezeko la Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, limelinufaisha jimbo la North Carolina au limelielemea? Sensa ya 1990 ilihesabu Walatino 76,726 katika jimbo zima, zaidi kidogo ya asilimia 1 ya wakazi. Sensa ya 2000 ikakuta 378,963, ya 2010 ikakuta 800,120, na ya 2020 ikapita milioni 1.1, yaani zaidi ya asilimia 10. Hawakufika huko kwa kubahatisha. Mashamba ya tumbaku na viazi vitamu, machinjio ya kuku na nguruwe, na ujenzi wa nyumba kuzunguka Charlotte na Raleigh vilihitaji wafanyakazi, na waajiri waliwatafuta hadi Mexico.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill, John Kasarda na James Johnson, walitoa hesabu ya mwaka 2004 ambayo kila upande umeitumia kwa faida yake. Kwa makadirio yao, manunuzi na kodi za Walatino ziliuingizia uchumi wa jimbo takriban dola bilioni 9.2. Kwa upande wa bajeti, walilipa kodi za dola milioni 756 na kuigharimu serikali ya jimbo dola milioni 817 kwa shule, afya na magereza. Pengo ni dola milioni 61, sawa na dola 102 kwa kila Mlatino kwa mwaka. Wanaopinga uhamiaji huishikilia hiyo dola 102 na kuzinyamazia bilioni 9.2, na watetezi hufanya kinyume chake.

Namba inayonishughulisha mimi ni nyingine. Ripoti hiyohiyo ilikadiria kwamba pasipo wafanyakazi Walatino, jumla ya mishahara ya sekta binafsi jimboni ingeweza kupanda kwa kiasi cha dola bilioni 1.9. Jambo hili lilihesabiwa kuwa faida, kwa sababu biashara za jimbo zinapata nguvu ya kushindana. Lakini mshahara ambao mwajiri ameuokoa ni mshahara ambao kuna mtu hakuupokea. Msimamo wangu ni kwamba jimbo limenufaika, tena sana, ila faida imeingia katika mifuko tofauti na ile inayolipa gharama. Mwenye machinjio anapata kazi kwa bei nafuu. Serikali Kuu inapokea makato ya Hifadhi ya Jamii hata kutoka kwa watu wasio na vibali, ambao wengi wao hawatapokea pensheni hiyo. Madarasa ya ziada, kwa upande wake, yanajengwa na kaunti. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Nashukuru kwa mada, ila naona umelikubali pengo la dola milioni 61 upesi mno. Katika zile milioni 817, milioni 467 ni za elimu ya watoto, wengi wao waliozaliwa hapohapo Marekani na ni raia kamili. Kuiita elimu hiyo hasara ya mwaka 2004 ni sawa na kulipigia hesabu shamba la minazi kabla mnazi wa kwanza haujazaa. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mwaka ule leo ni mtu mzima anayefanya kazi na kukatwa kodi. Taasisi za taifa za sayansi za Marekani zilitoa ripoti kubwa mwaka 2016 iliyoonyesha kwamba wahamiaji wa kizazi cha kwanza huzigharimu serikali za majimbo, hasa kwa sababu ya shule, lakini watoto wao ni miongoni mwa wachangiaji bora wa kodi nchini. Hesabu ya mwaka mmoja haiwezi kuliona jambo hilo.

Mchangiaji wa pili

Ndugu yangu hapo juu anazungumzia kesho, nami nazungumzia mtu aliyekuwa kazini siku wageni walipofika. Chukueni machinjio makubwa ya nguruwe ya Tar Heel, katika Kaunti ya Bladen, yaliyofunguliwa 1992. Wafanyakazi walipiga kura ya kuunda chama cha wafanyakazi mwaka 1994 na 1997, na mara zote mbili waliokitaka wakashindwa. Kisha serikali ikaanza kuwakamata wasio na vibali, Walatino wengi wakaondoka, nafasi zao zikachukuliwa kwa wingi na Wamarekani weusi, na Desemba 2008 chama kikapita kwa kura 2,041 dhidi ya 1,879. Ninyi mnaotetea mnalielezaje hilo? Mtu anayehofia kukamatwa hagomi, na mwajiri analijua hilo vizuri kuliko sisi. Siwachukii Walatino hata kidogo, lakini mtu asiniambie kwamba ujira wa chini haukumuumiza yeyote.

Mtoa mada

Mchangiaji wa kwanza, nakubaliana nawe kuhusu watoto, na nimeitumia hesabu ya mwaka mmoja kwa kuwa bajeti ya jimbo nayo hupangwa kwa muda mfupi, na diwani wa kaunti hawezi kulipa fundi wa leo kwa kodi ya mwaka 2030.

Mchangiaji wa pili, hoja yako ni nzito, lakini umeruka tukio moja. Novemba 2006 wafanyakazi wapatao 1,000 wa machinjio hayohayo, wengi wao Walatino, waliacha kazi na kutoka nje wakipinga wenzao kufukuzwa kwa sababu ya nyaraka. Kwa hiyo si kweli kwamba hawagomi. Tena kura ya 1997 haikushindwa kwa sababu ya Walatino peke yao, kwani bodi ya serikali inayosimamia mahusiano ya kazi na mahakama zilikuta kwamba kampuni ilivunja sheria katika uchaguzi ule. Kilichoshusha mshahara ni hofu ya kukosa kibali, na hofu hiyo inatokana na sheria. Mpe mtu kibali, naye ataweza kudai haki yake pamoja na jirani yake.

Mchangiaji wa tatu

Naongeza mfano wa Siler City, mji mdogo wa jimbo hilohilo. Viwanda viwili vya kuku vilivyowavuta Walatino katika mji huo vilifungwa, kimoja 2008 na kingine 2011, na watu hawakutoweka navyo. Katika sensa ya 2010 Walatino walikuwa karibu nusu ya wakazi, na mwaka 2019 kiwanda kipya kilipofunguliwa kilikuta mji wenye watu wa kufanya kazi.

Ila kuhusu mifuko, mtoa mada hajataja mfuko mmoja. Mwaka 2013 kodi ya faida ya makampuni North Carolina ilikuwa asilimia 6.9. Kufikia 2019 ilikuwa 2.5, mwaka 2025 ikawa 2.25, na sheria iliyopitishwa 2021 inaishusha hadi sifuri mwishoni mwa muongo huu. Ikiwa zile bilioni 1.9 zilikwenda kwa waajiri, naomba anayelalamikia dola 102 za Mlatino atueleze kwa nini hiyo ndiyo kodi iliyochaguliwa kufutwa.